Bega la Mtu Mwingine

Mke wangu Mukasine alikufa Jumanne, na Ijumaa ya wiki ileile wakanidai kadi yake. Ndiyo sheria yao: kadi ya utambulisho ya marehemu inarudi ofisi ya komine, yaani ya wilaya, la sivyo hawakuandikii cheti cha kifo. Niliitoa. Nilikuwa sijalala siku tatu, nikaiweka juu ya meza ya karani kama mpangaji anayerudisha ufunguo. Nilikuwa nimeshafika kwangu Kabeza, nimeketi kitandani, ndipo akili iliponirudia. Picha ile ndogo kwenye kadi ilikuwa picha yake pekee duniani.

Harusi yetu, mwaka 1983, haikupigwa picha. Nilikuwa utingo wa malori ya Mombasa, na utingo akipata chochote ananunua godoro kwanza. Mukasine alisema picha tutapiga tukizeeka, kwani wazee ndio wanaojua kukaa kimya mbele ya kamera. Alikufa na miaka thelathini na mbili.

Nitaeleza alivyokufa mara moja tu. Ilikuwa Machi 1991. Vita vilikuwa vimeanza Oktoba iliyotangulia, na kila barabara ya Kigali ilikuwa na bariyeri, gogo limelazwa njiani na askari wamesimama. Asubuhi ile pumu ilimkamata vibaya. Nikampakia kwenye baiskeli kwenda hospitali. Kwenye bariyeri ya barabara ya uwanja wa ndege wakadai kadi. Kadi zetu zinaandika kabila, na mimi niliyeishia darasa la tatu nakwambia hata asiyejua kusoma anaujua mstari ule. Yangu wakaisoma, wakasema pita. Yake wakaisoma, wakasema huyu bila kibali cha konseye hapiti.

Konseye ndiye mkuu wa sekta yetu, jina lake Nzeyimana. Nilimkuta yuko kwenye mkutano wa chama. Muhuri uko kabatini, ufunguo uko mfukoni mwake, na mfuko uko mkutanoni. Nilisimama mlangoni tangu saa nne mpaka saa nane wakipiga makofi ndani. Alipotoka aligonga muhuri bila hata kuuliza mgonjwa ni nani. Nikakimbia na karatasi. Mukasine alikuwa ameegemea mkaratusi kando ya barabara, na askari mmoja alikuwa ameshamfunika uso kwa kitenge chake mwenyewe. Wino ulikuwa bado mbichi, ulinichafua kidole.

Daktari aliandika pumu. Mimi ningeandika muhuri.

Baada ya hapo sikuwa na pa kwenda, na sisemi hivyo kwa mafumbo. Mpaka wa Gatuna, njia yetu ya Mombasa, ulikuwa umefungwa kwa vita, malori yamelala, tajiri wetu ametufukuza. Mimi niliyezoea kulala Malaba na kuamkia Nakuru, dunia yangu ikawa kutoka Kabeza mpaka bariyeri, na kutoka bariyeri kurudi Kabeza. Wakubwa waliofunga mpaka hawakukosa sukari hata siku moja.

Halafu, mwezi wa tano au wa sita, nikaanza kuusahau uso wake. Nilikuwa nakumbuka sauti, nakumbuka kisigino chake kilivyopasuka, lakini uso ulikuja umefifia kama maandishi kwenye gunia la zamani. Niliona aibu, sikumwambia mtu. Kumbe sikuwa peke yangu.

Mama mkwe wangu, Kankindi, alikuwa anakaa kilima cha Rebero. Siku moja alikuja kwa miguu, akakaa mkekani, akanywa maji. Kisha akaanza habari za kwera. Kwera ni siku ya kumaliza msiba mwaka ukitimia: ukoo unakusanyika, unakunywa pombe ya mtama, na kuanzia kesho yake hakuna ruhusa tena ya kulia mbele za watu.

"Mukwe," akasema, "kukaa msibani najua. Kuumaliza ndiyo inanishinda. Nitamuagaje mtoto ambaye uso wake umenipotea?"

Alisema ana picha ya kila mtoto wake kichwani isipokuwa huyu, na huyu ndiye aliyekufa. Akaomba jambo moja: siku ya kwera amuone, hata kwa dakika moja. Nikamwahidi, na sikujua ninaahidi nini.

Kando ya barabara ya uwanja wa ndege kulikuwa na kibanda cha mpiga picha, mzee Bigirimana, Mrundi wa Buyenzi aliyekimbilia kwetu mwaka 1972. Upara unang'aa, tumbo limetangulia, na Kiswahili chake kitamu kuliko cha madereva wote niliowahi kuwabebea mizigo. Nikamweleza shida yangu. Akasema hiyo si kazi kubwa, picha nayo inapigwa picha, kama mtu anavyorudia maneno ya mtu. Nikiifikia kadi kwa dakika moja tu nikiwa na kamera, uso wa Mukasine nitautoa mle ofisini bila kumwibia mtu chochote. Nikamwomba aende yeye.

"Mimi?" Akacheka. "Mimi mkimbizi, bwana. Ofisi ikiniona tu inakumbuka ilikuwa na maswali. Weye jifunze, uende mwenyewe. Na hapa nahitaji mtu wa kufagia."

Basi nikafagia. Miezi miwili sikushika kamera. Alikata tundu la pembe nne kwenye kipande cha boksi la sabuni, akaniambia nitembee nalo, nitazame kupitia mle, na kila jioni nimwambie mwanga ulitoka wapi. Watu wa Kabeza walinicheka. Walisema Mugenzi amefiwa, sasa anachungulia dunia kwenye sabuni. Bigirimana naye hakuniacha. Jina langu maana yake ni msafiri, kwa hiyo kila asubuhi aliniuliza, "Msafiri, leo umefika wapi?" Nami namjibu: kisimani. Au: kwenye ukuta wa duka la chumvi.

Lakini niliona mambo. Niliona kwamba ukuta ule wa duka una rangi tatu kwa siku, na kwamba saa nne asubuhi kila mtu ana uso mzuri na saa saba hakuna mwenye macho, ni mashimo tu. Niliona wanawake kisimani wanapeana zamu kwa nyusi, bila neno. Niliona fundi baiskeli, ambaye nilimsalimia miaka minane, hana kidole cha shahada. Miaka yote nilikuwa nautazama mji kama utingo anavyotazama mzigo: ni mzito au mwepesi, unavunjika au hauvunjiki.

Na nikaiona bariyeri. Siku moja niliinua boksi kidogo tu, usawa wa kifua, askari wasinione. Watu wamepanga mstari, kadi mkononi, kidevu juu, mdomo umefungwa, pumzi imezuiwa. Nikautambua mkao ule. Ndio huohuo waliokaa wateja kibandani kwetu tukiwaambia wasitikisike. Watu wa nchi hii tulikuwa tunapigwa picha mchana kutwa bila kamera.

Jambo hili halikunifurahisha. Kadiri macho yalivyofunguka ndivyo nilivyojua nilichopoteza. Nyuso za watu baki nilizisoma zote, kidoti kiko upande gani, jicho lipi dogo. Za kwangu nyumbani nilikuwa na saa za kutosha za kuzisoma, sikuzisoma. Nilijua uzito wa kila gunia kutoka Mombasa, sikujua kidoti cha mke wangu kiko shavu la kulia au la kushoto. Hilo siwezi kuwasingizia wakubwa, ingawa nimejaribu.

Februari 1992, zikiwa zimebaki wiki tatu kwera ifike, komine ikatangaza vibali vipya vya kutembea, vyenye picha. Wakataka mpiga picha wa kuja kuwapiga makarani wao bure. Bigirimana akanining'inizia kamera yake shingoni. Akaniambia kama ningeiangusha basi nijiangushe chini yake.

Niliwapiga makarani kumi na moja. Wa mwisho alikuwa Clovis, kijana mwenye kalamu tatu mfukoni, yuleyule aliyepokea kadi ya Mukasine. Nilimpanga vizuri, nikamgeuza atoke na shingo ndefu, akapendezwa. Ndipo nikamwomba. Alifikiri kidogo, akaufunga mlango, akavuta kreti chini ya rafu.

Kadi za wafu zilikuwa zimetungwa kwenye waya, mia kwa mia, kama samaki. Ili waya upite wanatoboa katikati kwa msumari, na katikati ya kadi ndipo picha ilipo. Hawakufanya kwa chuki. Walifanya kwa uvivu, na sijui lipi baya zaidi. Clovis aliteremsha kadi moja moja mpaka akafika kwa Mukasine. Tundu lilikuwa limepita pale penye pua na mdomo. Palibaki paji la uso, jicho moja na nusu, shingo, na ukosi mweupe, na upande wa kushoto weusi mtupu, nikadhani ni kivuli.

"Pole, mzee," Clovis akasema. "Hapa hakuna anayezirudia kuzitazama."

Nilikaa chini. Miezi yote ile ya kufagia, kwa ajili ya tundu la msumari. Nikaitazama kwa sababu sikuwa na lingine la kufanya, na kwa sababu nilikuwa nimeshazoea kutazama mpaka pembeni. Pale pembeni, upande wa kulia wa picha, kulikuwa na ukanda mwembamba kama unyasi, wa kitambaa cha drafti. Si nguo yake. Yeye alivaa nyeupe. Ni bega la mtu mwingine.

Drafti ile niliijua. Nilikuwa na shati moja tu la drafti mwaka 1983.

Nikatoa kadi yangu mfukoni. Kadi hii nimeionyesha bariyeri mara ngapi, sijui, mara elfu. Nikaisogeza dirishani. Upande wa kushoto, karibu na sikio langu, kulikuwa na ukanda mwembamba wa nguo nyeupe. Nimembeba miaka yote hiyo, na nimemwonyesha kila askari wa barabara ya uwanja wa ndege, ila mimi mwenyewe sikumwona.

Nilirudi kibandani nikikimbia, kamera nimeikumbatia. Nikamweka Bigirimana kitako, nikamwonyesha kadi, nikamuuliza ni fundi gani anayeacha bega la mtu kwenye picha ya mwingine. Akavaa miwani. Akatazama, akaanza kukuna upara.

"Hii ni yangu," akasema polepole. "Hii ni benchi."

Akanieleza. Zamani komine walipomwita kupiga picha za kadi, filamu ilikuwa ghali, basi alikuwa anakalisha watu wanne benchi moja, anawabana mabega, anapiga mara moja, kisha anasafisha picha moja na kuikata vichwa vinne kwa mkasi. Baadaye wakubwa walilalamika kwamba mabega ya watu yanaingia kwenye kadi za wenzao, akaacha. Nami nikaikumbuka siku ile, kwenye uwanja wa shule. Nilikumbuka fundi mwenye nywele nyingi, si upara huu. Nilikumbuka tumekaa benchini kwa mpangilio wa nyumba, majirani pamoja. Sikujua kamera inaweza kuchukua watu wanne kwa pigo moja. Nilidhani wanamchukua wa kwanza, nikawa nangoja zamu yangu. Waliposema tumemaliza, nilidhani wamenisahau.

"Negativu," nikasema. Ndiyo ile filamu yenyewe, ambamo weupe ni weusi na weusi ni weupe. "Unazo?"

"Mimi situpi kitu, Mugenzi. Umezikalia."

Nilikuwa nimekalia debe la maziwa ya unga. Madebe yale yalikuwa manane, kila moja na mwaka wake umeandikwa kwa rangi. Miezi yote hiyo nilikuwa nayafagia pembeni, naweka bakuli la maharage juu yake. Tulilifungua la 1983, tukatafuta siku mbili kwa lenzi, watu wanne wanne, wote weupe wenye nywele nyeupe. Siku ya pili mchana nikaliona shati la drafti.

Tukaingia chumba cha giza. Karatasi ikalala ndani ya dawa, na nyuso zikaanza kuja zote nne pamoja. Mwisho wa kulia bibi mmoja wa jirani, ameshakufa. Kisha mimi, natazama pembeni kama mpumbavu, nangoja zamu. Kisha Mukasine. Kidoti kiko shavu la kushoto. Midomo ameibana kwa nguvu, mashavu yamejaa, macho yanametameta, kama mtu aliyefungia kuku ndani ya mdomo. Anazuia kicheko.

Na kushoto kwake, ameegemea kumnong'oneza, bega lake limelala mbele ya bega la mke wangu, alikuwa Nzeyimana.

Wakati ule hakuwa konseye. Alikuwa jirani wa nyumba ya pili, muuza mkaa, mwenye masizi mpaka kwenye nyusi. Fundi alikuwa ameonya kwamba atakayecheka atalipa mara mbili. Ndipo Nzeyimana akamwambia Mukasine, na mimi nilisikia, nakumbuka sasa, "Dada, mimi wasinipige sana, nitawamalizia weusi wote wa filamu." Yeye mwenyewe kwenye picha hajacheka. Mwenye kuchekesha hachekagi.

Uso niliokuwa nautafuta karibu mwaka mzima, uso wenyewe hasa, si ule wa kadi, ulitengenezwa na mtu yule.

Nilishika mkasi. Nikakata upande wangu, hilo halikuwa kazi. Nikageuka upande wake. Kichwa kikatoka, lakini bega lilikataa. Nikilikata bega la Nzeyimana, linaondoka na bega la Mukasine na kipande cha shingo, anabaki kama mtu aliyekatwa panga. Nikasafisha picha nyingine, nikajaribu tena. Nikasafisha ya tatu. Bigirimana akaninyang'anya mkasi, akasema karatasi si majani ya migomba.

"Liache," akasema. "Bega halina jina."

Kwera ilifanyika kwangu, Machi, mchana. Nilimwendea Nzeyimana kuomba kibali, kwa sababu watu wakizidi idadi iliyowekwa lazima agonge muhuri. Aligonga, akasema atakuja mwenyewe. Alikuja. Akapewa kiti chenye mgongo na mrija wa kwanza wa pombe ya mtama, kama desturi inavyotaka kwa mkubwa.

Picha nilikuwa nimeisimamisha mezani juu ya kitambaa cheupe. Kankindi aliichukua, akaisogeza machoni mpaka ikagusa pua. Alikaa hivyo muda wa kupika chai.

"Anataka kucheka," akasema. "Ndiye."

Alilia, kisha akafuta uso kwa ukingo wa nguo yake, vizuri, kama mtu anayemaliza kazi. Ndipo kidole chake kikatembea kwenye picha, kikasimama pembeni.

"Na hili bega ni la nani, mukwe?"

Nzeyimana alikuwa hatua tatu kutoka pale, mrija mdomoni. Watu wote wa ukoo walikuwa wananitazama. Ningeweza kusema. Nilikuwa na maneno ya mwaka mzima, yamepangwa kama mzigo. Lakini yule mama alikuwa amemwona mtoto wake anacheka, na kesho hana ruhusa ya kulia.

"La jirani," nikasema.

"Jirani mwema," Kankindi akasema. "Amemchekesha."

Konseye akaomba naye aione. Akaitazama, akaisifu, akamuuliza kila mtu fundi ni nani. Bega lake hakulitambua. Aliweka kidole cha gumba juu yake alipokuwa anairudisha. Akaniambia nifike ofisini Jumatatu nimpige moja kubwa ya ukutani, na nije na kibali changu cha kufanya kazi ya picha, kinaisha mwezi huu, atakigonga palepale.

Jumatatu nilikwenda. Kibali kikawekwa mezani, muhuri kando yake. Nikamkalisha dirishani, saa nne, saa ya nyuso nzuri. Nikamwambia inua kidevu, akainua. Nikamwambia funga mdomo, akafunga. Kisha nikamwambia azuie pumzi mpaka asikie mlio.

Akazuia. Nikaingiza jicho kwenye kamera. Sikubonyeza.

Nikahesabu. Kwenye kumi alikuwa bado konseye. Kwenye ishirini na tano mishipa ya shingo ilitoka. Kwenye arobaini macho yakaanza kujaa maji, na ananitazama, anasubiri, haelewi kwa nini ruhusa haiji, na hathubutu kuuliza kwa sababu mwenye kazi amesema asitikisike. Nilimtazama vizuri, nimejifunza kutazama. Chini ya nyusi bado kulikuwa na masizi, au kivuli. Uso ule wa mtu anayengoja pumzi niliujua. Niliuacha chini ya mkaratusi, kando ya barabara, saa nne kama hii.

Kibali changu kilikuwa mezani, hakijagongwa.

Nikabonyeza.

Alivuta pumzi kama mtu aliyetolewa mtoni, akacheka, akasema kazi yetu ngumu. Akagonga muhuri. Nikakichukua kibali kwa pembe, wino usinishike, nikatoka.

Sasa ni 1993, na bado niko Kabeza. Kila asubuhi nafika bariyeri, natoa kadi, nainua kidevu, nafunga mdomo. Askari anaifungua, anausoma ule mstari, anasema pita. Kidole chake cha gumba hukaa upande wa kushoto wa picha, juu ya ukanda mweupe. Sijawahi kumwambia akiondoe.